Kwao, Si Kwake

Jumamosi, 11 Januari

Fridley tena, gerejini kwa Mwalimu. Baridi ya huku ughaibuni, ya kukata masikio. Hita inanguruma na haipashi kitu. Magoti zuliani, ngoma ya salamu, kisha viwiko mpaka basi. Muay boran, ndondi ya Kithai ya zamani, ya kabla ya glavu. Mwili unauma kuliko nikitoka shifti mbili.

Nimebaki peke yangu. Wenzangu walihamia kule wanakopigania vikombe. Ngoma ya Mwalimu ni ndefu, hawana subira nayo. Aliipata kwa mwalimu wake kijijini kwao, na wote waliojifunza naye wamekufa. Aliniambia hivyo huku akinifunga kamba mikononi, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Lazima uianze umeelekea nyumbani. Siku ya kwanza aliponiambia nielekee "home", niligeukia New Hope, kwenye apatimenti yetu. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Sasa kosa langu ni lipi? Kiingereza kina neno moja tu. Angesema "kwenu", si "kwako", ningeelekea Nyeri moja kwa moja. Humu gerejini, upande wa kwao ni ukuta wenye koleo la theluji. Upande wa kwetu ni kwenye friza.

Jumamosi, 25 Januari

Mwisho wa ngoma umebadilika. Siku zote unapiga goti, unatazama nyuma juu ya bega, unainuka. Leo hakutazama nyuma. Nilipomkumbusha alinikaripia. Nikafuata. Mwalimu ni mwalimu.

Jumamosi, 8 Februari

Leo ametazama nyuma kulia, kisha kushoto, kisha akasimama mikono juu, akingoja. Sijui alikuwa akingoja nini. Naye hakujua.

Nimefika nyumbani nikatazama video zote nilizomrekodi kwa simu tangu vuli. Hazilingani. Hata zile nilizokuwa nikiziamini. Ipi ndiyo? Wa kuulizwa ni yeye.

Kazini nawalisha wazee waliosahau majina ya watoto wao. Dalili nazijua vizuri sana. Nina hasira. Si yeye jamani. Si sasa.

Jumatano, 19 Februari

Nimempigia Noi, binti yake. Anajua kila kitu, daktari alishamwambia. Nikamwuliza kama anaukumbuka mwisho wa ngoma. Hakuwahi kufundishwa. Wasichana hawakufundishwa. Akasema baba yake alinikubali mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki.

Hakusema kwa ubaya. Imeniuma siku nzima.

Jioni Baba Shiru naye: "Mama Shiru, unaji-stress bure. Hiyo dance ni ya watu wa huko, si wa-isave wenyewe?"

Watu wa huko ni mzee mmoja, Fridley. Nikaendelea kumenya viazi.

Jumamosi, 1 Machi

Ameelekea mlango wa gereji badala ya ukutani. Nikamwonyesha koleo, kumkumbusha kwao ni upande gani. Akalitungua, akaanza kusukuma theluji. Zuliani. Hakuna theluji. Alifanya kazi kwa bidii, akifuata ukingo wa zulia, mpaka akaridhika.

Hatukufanya mazoezi. Nililia garini kwa sauti, hita ikiwaka, madirisha yakijaa ukungu.

Ijumaa, 14 Machi

Amehamishiwa kwenye nyumba ya wazee, Woodbury. Nyumba ya Fridley itauzwa. Noi amenipa zulia. Halienei popote kwenye apatimenti, liko nyuma ya kochi.

Nimejaribu ngoma sebuleni. Nimefika kwenye goti nikakwama. Shiru alipita akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nimepoteza hereni.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeamua kushika mwisho ule wa kutazama nyuma begani. Huenda nao ulikuwa tayari umeharibika. Sina wa kunisahihisha, na sitamfundisha mtu kitu nisichokuwa na hakika nacho. Basi utaishia kwangu.

Nilikwenda Woodbury niicheze ngoma mbele yake, mara moja tu, aone. Nilitafuta kaskazini kwa dira ya simu, kwa sababu aliwahi kunieleza kwamba kutoka hapa kwenda kwao unapita juu kabisa ya dunia, kwenye ncha ya kaskazini. Nikamgeuzia kiti dirishani. Nikamwonyesha kwa mkono. Home, Mwalimu.

Uso ukamng'aa. Akainuka, akavaa jaketi, akaanza kupapasa mifuko akitafuta funguo za gari. Akaniuliza kama nimeleta gari langu au twende na lake.

Kwake. Alikuwa anataka kwake, Fridley. Kwao hakupo tena.

Nikamwambia chakula kinakuja kwanza. Nikamvua jaketi, mkono mmoja kisha wa pili, jinsi ninavyowavua kazini. Sikucheza. Chakula kilikuwa supu ya kuku. Aliimaliza, kisha akanisogezea mkate wake.