Baraza la Wachunguzi wa Video na Saa ya Mzee Awadh

Jumatatu, 6 Oktoba

Salamu tena. Wanachama ishirini na saba, jumbe arobaini tangu alfajiri, zote salamu. Sabalkheri. Sabalkheri na nyote. Mvua ya Kisumu. Swali la Neema wa Dar es Salaam, kuhusu kamera iliyoingia maji, limezama humo tangu Ijumaa. Hakuna aliyeligusa.

Nilianzisha baraza hili la mtandaoni ili wachunguzi wa video tusizeeke kila mtu peke yake na kompyuta yake. Kwetu Barawa tulikuwa wanne katika chumba kimoja cha kukatia filamu, tukibishana hadi chai ikapoa. Vita vikatutawanya. Hapa Mji wa Kale, baada ya miaka thelathini na zaidi, mimi bado ni "yule mzee wa video za harusi". Sikanushi.

Nimetoa kanuni: salamu mwisho saa tatu asubuhi. Wameipokea kwa heshima. Kila mmoja ameanza kwa salamu.

Jumanne, 7 Oktoba

Kazi, hatimaye. Bi Rukia, wakili wa Tudor na mwanachama wetu, ameleta picha. Mteja wake ni Salim, mtunza stoo Mbaraki. Magunia sita ya iliki hayaonekani. Kamera ya ndani inamwonyesha Salim akitoa gunia, na mashine ya kurekodi imeandika 02:15. Salim asema ni asubuhi, alipokuwa akitoa gunia la dukani kama kila siku. Mhasibu wa stoo asema ni saa nane usiku, na mashine haina sababu ya kusema uongo. Stoo haina dirisha. Taa ni ileile usiku na mchana. Salim aishi peke yake Buxton. Hana shahidi wa usingizi wake.

Jumatatu ataitwa mbele ya mwenye mali, Mzee Awadh. Akishindwa kujieleza, atafukuzwa na kupelekwa polisi.

Ruhusa ya kuonyesha picha ipo. Nimeiweka barazani.

Jumatano, 8 Oktoba

Baraza limewaka. Kulingana na maneno ya Salim, mashine iko nyuma kwa saa sita kamili. Otieno wa Kisumu asema imebaki na majira ya nchi ilikotoka. Amepiga hesabu: nchi iliyo nyuma yetu kwa saa sita ni Brazili. Hakuna aliyeuliza mashine ya Mbaraki ilipitaje Brazili. Neema asema betri ya ndani imekufa. Mimi nashuku faili la video limechezewa. Nimeandika ripoti ya kurasa mbili. Nimeisoma mara tatu; inapendeza.

Leo hakuna aliyemsalimu mwenziwe. Nimefurahi kupita kiasi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Otieno ameiita hoja ya Neema "hoja ya fundi redio". Neema amejitoa. Baada ya dakika kumi akarudi, akaaga kila mtu kwa jina, akajitoa tena.

Tumebaki ishirini na sita. Kosa ni langu. Nilikataza salamu, wakakosa pa kupozea hasira.

Jumamosi, 11 Oktoba

Salim amekuja nyumbani. Kijana mpole, mkono hauachi kofia. Nikamsomea ripoti yangu. Akasikiliza hadi mwisho.

"Ami, na hiyo Brazili nitamwelezaje Mzee Awadh?"

"Brazili ni ya Otieno. Yangu ni faili."

"Haya. Na mashine yenyewe, kuna aliyekwenda kuitazama?"

Hatua ya kwanza ya kazi hii ni kulinganisha saa ya mashine na saa ya kweli. Nimewafundisha wengine hilo. Tulikuwa ishirini na saba, na hakuna aliyevuka barabara.

Nimeona haya. Ripoti nimeitia kabatini.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mbaraki, pamoja na Bi Rukia. Salim kando ya mlango. Nikaomba kuiona mashine kabla ya maneno yoyote. Saa yangu ya mkononi: 9:10. Mashine: 03:10.

"Mzee Awadh, nani aliyeiweka saa hii?"

"Mimi. Umeme ulikatika, ikasahau. Nikaikumbusha."

"Mbona tatu?"

Akanitazama kwa huruma. "Kwani sasa saa ngapi, bwana?"

"Saa tatu."

"Basi."

Bi Rukia akageukia ukuta. Mabega yake yalitikisika kwa kicheko. Mhasibu akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa, na chini ya rundo ikatokea hati: magunia sita ya iliki yalihamishiwa stoo ya pili, kwa sahihi ya mhasibu mwenyewe.

Salim akakaa chini palepale sakafuni. Mzee Awadh akamwagizia kahawa na kumwambia kazi haijiendei yenyewe.

Mimi, ambaye mama yangu alinifunza Barawa kuhesabu saa tangu jua kuchomoza, nilikwenda kumtafuta mwizi ndani ya faili.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimelieleza baraza lote, bila kujipamba. Otieno akampigia Neema simu kumwomba radhi, na Bi Rukia akamrudisha barazani. Neema akasalimu. Wote wakaitikia. Nimeifuta ile kanuni. Swali la kamera ya maji limejibiwa jioni, na watu watatu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimepita Mbaraki asubuhi. Mzee Awadh amekataa saa iguswe, asema haikukosea. Ameninywesha kahawa ofisini kwake, mbele ya skrini ya kamera.

Salim akaingia stooni. Kabla ya kubeba gunia alisimama mbele ya kamera, akainua mkono wenye saa, akahesabu kimya hadi tano. Mzee Awadh akainua kikombe kumwitikia, ingawa Salim hakuweza kumwona.

"Hufanya hivi kila siku sasa," akasema, akanimiminia kingine.