Hatua Kumi na Tisa za Sabuni

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili, 10 Novemba 2024

Mpendwa kaka Faruk,

Assalaam alaykum. Mgongo wako unasemaje na baridi ya huko Liège? Assia wangu alinionyesha picha yako umevaa makoti mawili, moja juu ya jingine. Nilicheka, kisha nikakuonea huruma. Sisi wazima, alhamdulillah. Presha ya mama imeshuka. Chumvi tunamfichia juu ya kabati na bado anaipata. Mvua zimeanza, avenue yetu yote ni tope.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa sauti, vocal zetu za kwenye simu. Jirani yetu Irène anasafiri kesho kutwa kwenda kwa binti yake huko, nimemwomba aibebe. Sababu ya kushika kalamu utaifikia mwenyewe.

Habari ni za Sabuni, farasi wako. Ulipoondoka ulisema mbele ya mama na shangazi Zubeda: dada yangu Kudra akimpanda kutoka kwenye uzio wa banda kule Kajaga mpaka majini, ziwani, kabla mwaka haujaisha, farasi ni wake. Akishindwa, farasi anachukuliwa na Pontien wa mgahawa wa ufukweni, wageni wapige naye picha. Halafu ukaongeza kwamba Sabuni hawataki watu wenye roho ngumu, na mama mwenyewe akacheka. Kaka, mimi nilianza na boliti juu ya meza barabarani, leo nina duka la vipuri mtaa wa Asiatique, na hakuna aliyenishika mkono. Sikuzoea kupimwa roho na farasi mbele ya watu.

Maagizo yako niliyafuata yote. Ulisema nisimwendee kimya, nimpigie mluzi wako, ule unaoshuka mara tatu, naye atakuja mwenyewe. Nilijifunza mpaka wateja wakaniuliza nafuga ndege gani dukani. Tangu mwanzo wa mwezi wa tisa nimekwenda Kajaga Jumanne, Ijumaa na Jumapili, na kwa kuwa mafuta hakuna mjini, mara nyingi nimekwenda kwa baiskeli. Kila nikipiga mluzi, anarudi nyuma. Nilipima kwa hatua zangu: kumi na tisa. Kumi na nane. Kumi na tisa tena. Hasimami mpaka matako yake yaguse ukuta wa banda.

Nikamshuku Landry uliyemwachia kazi ya kumlisha. Ni mtu mzima, ana wajukuu Uvira, lakini nilimwona mwizi. Farasi anamlalia begani. Pontien anamsalimia kwa jina. Na farasi akienda mgahawani, Landry si anaenda naye? Nikaanza kufika saa asizonitegemea. Siku moja nililikuta koti lake limetundikwa, nikalipekua, nikatoa vipande vya karoti. Nikambana palepale.

“Unamulisha mbele ya mi kufika, ashibe, asinitake!”

“Apana, Mama Assia. Ile karoti ni yangu, mi njo nakulaka.” Akatafuna kimoja pamoja na vumbi lake la mfukoni, taratibu, huku ananitazama. “Nikukatie?”

Sikucheka. Nilimtuma maji, nikabaki na farasi peke yangu: kumi na nane. Nikamwambia Landry akae kwake siku nzima: kumi na tisa. Awepo, asiwepo, namba ni ileile. Dukani hesabu ikigoma hivyo najua kosa liko rafu nyingine. Lakini jicho langu halikumwachia Landry, sitakudanganya.

Jumapili iliyopita nilikuwa na homa, midomo imepasuka, mluzi hautoki. Nikaingia kimya. Sabuni alirudi hatua sita tu. Nikadhani nimehesabu vibaya, nikatoka, nikaingia tena. Tano. Nikageuza ndoo, nikaikalia nikimpa mgongo, kwa uchovu tu, si kwa ujuzi. Baada ya muda nikasikia pumzi ya moto kwenye mtandio wangu. Kaka, nilijizuia hata kumeza mate.

Hapo ndipo ikaingia vocal yako. Nikaifungua kwa sauti kubwa ili Landry naye asikie. Ulikuwa unacheka: “Eh Kudra, bado unamuogopa? Haya sikiliza tena, mi nikufundishe.” Ukapiga mluzi.

Sabuni aliangusha chombo chake cha maji. Alikimbilia kona, akabana kichwa ukutani, ngozi inamtetemeka mwili mzima, akajikojolea.

Landry alikuwa anaangalia viatu vyake.

“We ulijua?” nikamuuliza.

“Mama Assia, ule ni kaka yako. Mi ningesema nini?” Akaokota chombo cha maji, akasema, “Alikuwa anaanza na mluzi. Fimbo inafuata.”

Farasi alipotulia, Landry akanionyesha pale panapofunikwa na tandiko. Makovu kumi na moja.

Sasa hesabu nawe. Siku ishirini na sita, mluzi mara nne kila siku. Mara mia moja na nne nimemtishia fimbo huyu mnyama kwa mdomo wangu, nikidhani namwita. Na Landry, niliyempekua mfuko, alikuwa anakusitiri wewe. Nimempelekea kilo mbili za karoti na kumwomba radhi. Karoti amezipokea. Radhi amesema bado anaifikiria.

Swali langu ni moja, na usinijibu kwa kicheko. Mluzi ule ulinipa kwa kusahau, au ulinipa ili nishindwe? Nimeligeuza usiku na mchana, sijui jibu, na kutojua huko kunaniuma kuliko maneno yako ya roho ngumu.

Wiki hii nimekwenda kila siku, kimya. Juzi alikula kwenye kiganja changu. Jana tulitembea kutoka uzio mpaka majini, hatua mia mbili na arobaini, mimi kwa miguu, kamba imelegea. Sikumpanda. Nitampanda siku atakayosimama mwenyewe kunisubiri, iwe mwaka huu au ujao. Sharti lako nimelifuta, na kwa Pontien haendi. Vocal usinitumie tena. Ukitaka sauti yangu, piga nikiwa nyumbani Buyenzi.

Mama anakusalimu na anakuombea. Hajui lolote la haya, nami simwambii. Shangazi Zubeda na Assia wanakusalimu pia. Mwenyezi Mungu akulinde huko ugenini, akupe afya ya mgongo na ulaini wa mkono.

Ukija, karibu Kajaga. Utasimama nje ya uzio, kimya, na hatua atazihesabu Sabuni.

Dada yako, ambaye pamoja na yote bado anakupenda,
Kudra