Unga wa Uji wa Neema

Jumanne jioni

Vipimo vya mzio vimetoka. Mkono wa mwanangu Neema umevimba sehemu moja tu, pale daktari alipoweka tone la dagaa. "Asionje kabisa," alisema. "Safari nyingine koo linaweza kuziba."

Nimemweleza mama mkwe. Amecheka! "Mtoto wa ziwani adhuriwe na dagaa? Baba yake nimemlea kwa hao hao dagaa. Atazoea tu."

Na ndiye anayebaki na Neema nikienda kazini Nyamagana. Wajukuu wote amewatilia dagaa wa kusaga kwenye uji, eti wapate nguvu.

Mchana niliumwaga unga wote, nikaosha kopo lake hadi harufu ikaisha, nikatia mpya.

Nimetoka kulifunua sasa hivi. Linanuka dagaa.