Usimpigie Shangazi Wimbo wa Mlangoni

Azaiba, Maskati
Ijumaa, baada ya sala

Mdogo wangu Salehe,

Asalaam alaykum. Hujambo, baba? Goti ulilojigonga mazoezini limepona? Na mama, kifua chake bado kinambana vumbi likipanda? Mimi dada yako ni mzima, joto tu ndilo linalonimaliza. Huku hata bomba la maji baridi linatoa maji ya moto. Nakula, nalala, na hasira zangu ninazo zote, hakuna hata moja iliyopotea njiani.

Usishangae kuona karatasi zama hizi za simu. Simu ya nyumbani anaishika mama, na mama hana siri kwa wifi yake, Shangazi. Barua hii anakuja nayo Mwajuma, yule jirani yetu, anaondoka keshokutwa. Nimemwambia akupe mkononi hukohuko chuo cha ualimu. Isome, kisha ichome.

Nimesikia fimbo ya bendi mwaka huu umekabidhiwa wewe. Nilipiga kigelegele jikoni mpaka Bibi akaja na mkongojo wake kuuliza nani kaolewa. Bibi ndiye mzee ninayemhudumia, mama wa mwenye nyumba, Mwomani aliyezaliwa Unguja.

Basi Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya mahafali, ni wewe utakayeitoa bendi chuoni na kuizungusha mji mzima, ikisimama kwenye kila nyumba yenye mhitimu. Sijasahau hata hatua moja. Tarumbeta ya kwanza inaanza peke yake, "Fungueni mlango, mwalimu amerudi", kisha ngoma zinaingia, mama mwenye nyumba anatoka anacheza na wewe unampa fimbo aishike. Na nyumba yenye msiba haipigiwi. Matarumbeta yanaelekezwa chini, ngoma zinagongwa ukingoni tu, ko, ko, ko, mpaka mmepita. Ndivyo walivyopita kwetu mwaka aliofariki baba. Mama alinitumia ile sauti, nikaisikiliza nimekaa sakafuni bafuni ili watu wa nyumba wasinione.

Salehe, ukifika kwa Shangazi Mwantumu, shusha matarumbeta. Gonga ukingo, upite.

Najua umeshtuka. Shangazi yu hai, tena ana afya kutushinda sote, na Idi, kitinda mimba wake, anahitimu. Ndiyo maana nataka iwe siku hiyo, amejipamba, wageni wamejaa uani na pilau iko motoni.

Ulikuwa mdogo, hukuambiwa yote. Mwaka wangu tarumbeta ya kwanza nilikuwa mimi, msichana wa kwanza kuishika. Tarumbeta ya pili alikuwa Rukia, binti wa Shangazi, na Shangazi mwenyewe ndiye alikuwa matroni wa bweni letu. Wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho alikwenda kwa mkuu wa chuo akasema nina mimba. Niliomba nipimwe. Nikajibiwa, "Huyu ni shangazi yako wa damu, akuzulie ili iweje?" Nikafungasha. Siku ya mahafali bendi ilipita mbele ya nyumba yetu bila kusimama, maana hatukuwa tena na mhitimu, na tarumbeta yangu ilikuwa mdomoni mwa Rukia.

Mimba yenyewe mpaka leo sijaizaa! Miezi ilipotimia bila mtoto, Shangazi akamwambia baba nimeitoa. Akaapa. Baba akamwamini dada yake, na tangu siku ile hakulitamka tena jina langu. Akiwa na kiu alikuwa akimwambia mama, "Mwambie huyo alete maji." Mimi nimesimama palepale. Nilikuja huku kwa sababu hiyo, si kwa ajili ya ugumu wa maisha kama mama anavyowaambia watu. Na baba amekufa hivyo. Cheti ningeweza kukimezea. La baba halimezeki.

Mama anasema amesamehe. Asamehe la kwake, la kwangu sikumtuma.

Sasa sikia jeuri. Mwezi uliopita Shangazi kanitumia sauti, tamu utadhani imetiwa asali: "Stumai mwanangu, siku ya Idi nataka nitoke, watu wajue. Nitafutie abaya ya huko, yenye dhahabu dhahabu, na udi kidogo. Si wewe ndiye mwanangu wa Uarabuni?" Mwanangu! Siku yangu ya kupumzika nikaenda Matrah, nikalizunguka soko lote, nikamchagulia nyeusi tii, haina hata ushanga. Muuzaji, mzee anayejua Kiswahili, akaniuliza, "Nani kafa, binti?" Nikamwambia, "Bado, mzee."

Bibi anayajua yote haya. Jioni moja alikuwa anatazama kwenye televisheni wanajeshi wa hapa wanapiga gwaride na zumari zao zenye mifuko, akaniona nagonga ukingo wa sinia na kijiko huku machozi yananitoka. Nikamsimulia. Nilidhani ataniambia nisamehe, kama wazee wote. Wapi! Alikaa vizuri kitini, macho yakamng'aa.

"Sie Unguja," akasema, "mtu akikukosea unangoja siku ya harusi. Unamwendea mwimbaji, unamchagulia nyimbo ya kumchoma, na mwenyewe yupo kakaa kiti cha mbele, hana pa kukimbilia. Nnakwambia, raha yake huijui! Lakini mwachie mlango mmoja wazi. Ukimfungia yote, watu watamwonea huruma yeye, wewe utaonekana mchawi."

Basi nikamwachia. Ndani ya kola ya abaya nimebana kikaratasi kwa pini, haivaliki bila kukiona. Nimeandika: "Shangazi, bendi ikifika, simama mlangoni useme mbele ya watu, Stumai hakuwa na mimba, nilimzulia. Ukisema utapigiwa wimbo. Usiposema, utapitwa kama nyumba ya msiba." Kifurushi kiliondoka Jumatatu na dada mmoja wa kwetu.

Kwa hiyo msikilize kwanza. Akisema, mpigie mpaka midomo ya vijana ivimbe, na mimi nitamtumia hiyo ya dhahabu. Idi hana kosa, nalijua hilo, na ni rafiki yako. Mpigie uwanjani, mbebe mabegani ukitaka. Mlangoni kwa mama yake, hapana. Watakunyang'anya fimbo, huenda, na siwezi kukuahidi kwamba hutaumia. Nakuomba hivyohivyo, kwa sababu sina mwingine wa kumwomba.

Nisalimie mama, ila ya barua usimwambie. Nisalimie Mjomba Athumani fundi baiskeli, mtu pekee aliyenisindikiza stendi siku naondoka. Mwalimu wa bendi mwambie mwanafunzi wake bado anaukumbuka wimbo wote, pumzi tu ndiyo imekwisha. Rukia naye msalimie. Kama alijua au hakujua, atajijua mwenyewe na Mungu wake.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Stumai

Nilishaifunga barua, nimeifungua tena. Shangazi amepiga sasa hivi. Kifurushi kimefika jana, abaya ameijaribu, kikaratasi amekisoma. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, au aniambie mimi mwongo. Akakohoa kidogo, akasema, "Stumai mwanangu, mambo ya kale hayo. Baba yako alishakufa, sasa nikimwambia nani ndiyo itasaidia?" Nikamwambia awaambie watu wa Jumamosi. Akacheka. "Na wageni wote wale? Nitaonekanaje?"

Gonga ukingo, Salehe. Na mpite polepole.