Juisi ya Harusi ya Nasra

Chang'ombe, Dodoma

Dada yangu Sikudhani,

Shikamoo dada. Naamini barua hii itakukuta goti limetulia, na shemeji Hasani kamaliza kuvuna mbaazi bila kugombana na majirani. Mimi mdogo wako ni mzima, ila nina kinyongo, na mlionitia ni nyinyi.

Iddy wa lori alipoleta magunia yake huku alinipasha kwamba mmekaa kikao cha harusi ya binti yako Nasra, mkasema mjomba wake aje, ale ashibe, lakini asisogelee ndoo za juisi, maana wazee wa huko kijijini Busi hawatakunywa kilichopita mkononi mwa mtu wa baa. Mimi, dada! Masudi ambaye Dodoma nzima inakunywa kwa akili yake!

Hujui mdogo wako ni nani huku. Kabla yangu watu walikuwa wanamwagia soda kwenye pombe kali, wanajiita wastaarabu. Nikaja mimi wa darasa la tano, nikachukua rozela, ubuyu na zabibu za hapahapa, nikabuni mchanganyiko wa pombe niliouita Upepo wa Busi. Mheshimiwa mmoja alikunywa glasi mbili, kesho yake akaunga mkono hoja aliyokuja kuipinga. Sasa kila kaunta mpaka Ihumwa wananiiga, wengine wanatia rangi ya keki, hawana haya.

Basi mwezi uliopita hoteli moja kubwa ikaitisha shindano. Niliwaacha wote mbali, hata Stanley niliyemfundisha mwenyewe kushika chupa. Mwishoni jaji akataka kila mchanganyaji anywe glasi yake mbele ya watu. Nikamwambia siwezi. Akauliza kwa nini, nikaisogeza glasi pembeni. Ukumbi ukanizomea kwamba mzee anaogopa sumu yake. Kombe akapewa Stanley. Elieth, bosi wangu, akasema nimemwaibisha mbele ya mji mzima, nikabidhi funguo za kaunta.

Dada, sasa nikwambie nisichowahi kumwambia mtu. Pombe haijawahi kupita kooni mwangu, hata tone. Juisi naonja kabla sijaitia kitu. Baada ya hapo nanusa tu, kisha nampa Ambokile mlinzi anywe, nami nasoma nyusi zake. Zikipanda zote, tayari. Ikipanda moja, naongeza ndimu. Baani nilificha, maana nani angemwajiri mchanganyaji asiyeonja? Nyinyi hamkuniuliza, mlihukumu tu. Wa huku wamenifukuza kwa kuwa sinywi, wa huko mnanikwepa mkidhani nakunywa. Niende wapi?

Najua utasema kuwanywesha wengine nako ni dhambi. Lakini Nasra nimembeba mgongoni, dada. Naja na rozela yangu. Kama bado mnaona vigumu kuinywa, nipeni birika na beseni, nikae mlangoni niwanawishe wageni mikono. Maji sitayaongezea kitu.

Msalimie shemeji, na bibi harusi umbusu kwa niaba yangu. Iddy anayekuletea barua hii atageuza kurudi huku kesho kutwa. Mpe jibu lako kwa mdomo, nitamsubiri stendi.

Mdogo wako,
Masudi, bingwa wa Dodoma, hata kombe likikaa kwa Stanley