Nimemwambia Deo Habari za Ndizi

Mpendwa shemeji Gaudensi,

Pokea salamu za huku Izia, kama huko uliko salamu hufika. Dada yako Apolonia hajambo, ila magoti humsumbua kila upepo wa kipupwe unapoanza. Mimi pia sijambo. Bado ni yule mtu wa ng'ambo uliyemtania mbele ya ukoo mzima siku ya mahari: "Huyu alikuja na mtumbwi, angalieni asiondoke na dada yangu kwa mtumbwi." Nimeishi Sumbawanga miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, na sijaondoka na mtu. Anayetaka kuondoka sasa ni mwanao Deo.

Ndiyo sababu ya kwanza ya kukuandikia. Ya pili ni nzito zaidi. Kuna jambo uliniambia ukaniomba lisimfikie Deo, nami nimelifikisha. Acha nikueleze lilivyokuwa, ili kama ni kunilaumu, unilaumu ukijua yote.

Unalikumbuka kasha la vitabu. Barabara ya lami ilipokwisha, yule msimamizi mzungu wa kambi ya ujenzi alifungasha akaenda kwao, kasha akamwachia mlinzi wake, na mlinzi akaniletea mimi, kwa kuwa mjini hapa alimjua mtu mmoja tu wa kushukuru akipewa karatasi zilizochakaa. Nilitegemea vitabu vya madaraja na zege. Kumbe vyote vilikuwa vya vita vya Afghanistan. Kulikuwa na kumbukumbu za luteni kijana, riwaya ya familia ya Kabul iliyokimbilia Pakistani, riwaya ya askari aliyerudi kwao akashindwa kulala kitandani, na kile kitabu chembamba cha mtu aliyerusha ndege isiyo na rubani akiwa ameketi chumbani, bara jingine kabisa, na jioni akaenda kuwachukua wanawe shuleni.

"Mtu wa lami anasoma vita vya nini?" nilikuuliza.

"Huenda alikuwa huko kabla ya kuja huku," ulisema. "Na huenda anajisoma."

Tangu siku hiyo sikumfikiria yule bwana kama nilivyokuwa nikimfikiria.

Jumapili baada ya misa nilikuwa nakusomea, mimi niliyefundishwa Kifaransa na mapadri wa ng'ambo, Kiingereza nikajifunza hapa kwa kamusi. Nilitafsiri papo kwa papo, nawe ulikaa na mrija wako kwenye chungu cha pombe ya ulezi, macho umeyafumba, nikidhani umelala, mpaka unipigie kelele: "Hapo anadanganya!" Luteni alikuudhi kuliko wote. "Kila ukurasa anapiga risasi. Askari gani huyo asiyengoja? Vita ni kungoja, shemeji. Unangoja lori, unangoja chakula, unangoja amri, unangoja jipu liive." Wa ndege isiyo na rubani ulimhurumia na kumcheka kwa pamoja. "Kwa hiyo huyu alikwenda vitani na ndara?" Na Apolonia, akipepeta ulezi pale mlangoni, akasema: "Afadhali yeye. Wewe ulirudi na fangasi, ukauambukiza ukoo mzima."

Mimi nilishuku kwa njia yangu. Katika vitabu vya askari niliwatafuta watu wa barabarani, wanaokimbia, maana nilikuwa mmoja wao, na godoro kichwani. Sikuwaona. Waliitwa wenyeji, wakasimama pembeni, hawakuwa na mizigo. Riwaya ya ile familia ya Kabul niliiamini kwa ukurasa mmoja tu, ule ambao mama anarudi kufunga kwa ufunguo nyumba anayojua hataiona tena. Mama yangu alirudi kufunga. Ufunguo ninao mpaka leo, mlango sijui kama upo. Ukaniambia: "Wewe unaamini kitabu chochote chenye mtu anayelia." Nikakujibu: "Na wewe huamini chochote kisichonuka soksi."

Kipimo tulichokubaliana kilitoka kwenye chungu. Nilipokuja kwenu nikiwa mgeni, jambo la kwanza kunishangaza Ufipa lilikuwa hili: aliyeleta chungu huonja kwanza, mbele ya macho ya wageni, ndipo awape mirija. Hata ndugu wa tumbo moja hufanyiana hivyo, na hakuna anayeona ametukanwa. Wewe ndiye uliyesema na vitabu tuvifanyie hivyohivyo. Mwandishi wa vita aonje kwanza. Aseme ameona nini cha aibu yake mwenyewe, kisha tutakunywa.

Kwa kipimo hicho karibu vyote vilianguka. Kisha tukarudi kwa luteni, karibu na mwisho wa kitabu chake. Yuko kwenye kizuizi cha barabarani, asubuhi, vumbi limetanda. Gari dogo linakuja. Anapaza sauti lisimame, kwa lugha yake. Gari halisimami. Anapaza tena, kwa lugha yake, kisha anapiga risasi. Nilipofika kwenye mlango wa gari unapofunguliwa, nikakuangalia ili nisikie kelele zako. Ulikuwa umefumbua macho.

"Hapo hadanganyi," ulisema.

Ndipo uliponieleza habari za ndizi. Nyumba nzima ilijua huli ndizi, mbichi wala mbivu, na ulikuwa umetengeneza utani wako: kule kwenye vita ya kaskazini mlilishwa ndizi asubuhi, mchana na jioni, mpaka ukaapa. Deo alikua akiusikia huo. Alikua akisikia nyimbo za mchakamchaka, sufuria iliyotobolewa na risasi ikazibwa kwa kijiti, koplo aliyeogopa vyura. Kila ukimaliza alikuwa akisema, "Baba, tena!"

Siku ile mimi nikasikia lingine. Ulikuwa kijana, zamu yako getini kwenye ghala, ng'ambo ya mpaka, ukungu mzito kama huu wetu. Mtu akatokea amebeba kitu kirefu begani. Ukapaza sauti: "Simama!" Hakusimama. Ukarudia, kisha ukafyatua risasi. Hakujua Kiswahili, shemeji. Alikuwa na mkungu wa ndizi, anakuja kuwauzia.

"Usimwambie mwanangu," ulisema. "Aendelee kucheka." Nikakubali. Apolonia alikuwa kisimani, hakusikia.

Sasa umelala Kasense, kando ya shamba lako, nasi tumebaki na kijana ambaye vita anavyovijua ni vichekesho vya baba yake. Ana cheti cha kidato cha nne, ana mabega yako, hana kazi. Mwezi uliopita alinijia akiwa amenyoa nywele kama askari. "Shikamoo mjomba. Kuna wakala yuko mjini, anatafuta walinzi wa kwenda nje. Anataka mzazi. Nimemwambia mzazi wangu ni wewe."

Nilifurahi kuitwa hivyo, na papo hapo nikaishuku furaha yangu.

Wakala alikuja, mtu wa makamo, viatu vimeng'aa kana kwamba hakukanyaga ardhi. Akatuonyesha picha kwenye simu: vijana weusi, miwani myeusi, fulana za kuzuia risasi, ukuta mrefu, jua kali. Nikamuuliza ni nchi gani. "Nchi rafiki, mzee." Nikamuuliza wanalinda nini. "Kambi ya kampuni." Kampuni ya nini? "Ya huduma." Majibu yake yote yalikuwa hivyo.

Dada yako akaleta togwa. Akamimina, akaonja mbele yake kama desturi, akamkabidhi kikombe. Wakala akakiweka chini, akafungua chupa ya maji aliyokuja nayo.

"Baba, nimeshaonja," Apolonia akamwambia.

"Tumbo langu, mama. Samahani."

"Haya. Na wewe hiki chako umekionja? Ulishalinda huko?"

Akacheka. "Mimi niko upande wa ofisi."

"Mwanao je?"

"Wangu anasoma, mama."

Apolonia akachukua kikombe akakinywa mwenyewe, chote, akimtazama.

Alipoondoka nilirudi kwenye kasha. Nilitaka kujua kama vitabu vile vilikuwa na mahali pa Deo. Nikawatafuta watu wa getini, wale wa kukodiwa. Wapo, shemeji. Tulipita juu yao tukiwa tunabishana habari za soksi. Luteni anapita getini kwenda kula, anasema mlinzi Mwafrika alimpigia saluti vizuri. Mwandishi mwingine anasimulia bomu: majina ya wenzake, miji yao, mbwa wao nyumbani, kisha nusu sentensi, "pamoja na walinzi wa geti". Hawana jina, hawana hata nchi.

Nikamwita Deo nikamsomea. Akasikiliza kwa adabu, mikono magotini, kisha akanijibu, na jibu lake ndilo lililonishinda.

"Mjomba, vitabu vyako havisemi hapa kuna nini. Kila siku naamka, naenda stendi kubeba mizigo ya watu, narudi. Wewe mwenyewe ulivuka ziwa usiku mmoja. Ulimuuliza nani kama alishaonja? Na baba alienda. Alirudi anacheka."

Apolonia akasema, "Deo, wewe!" Nilivuka kwa sababu nyuma yangu palikuwa panawaka moto. Je, kijana akisema na nyuma yake panawaka, moto ambao macho yangu ya kizee hayauoni, mimi ni nani wa kubisha? Nilianza kujishuku. Huenda sikumlinda Deo. Huenda nilikuwa naogopa kubaki na nyumba ya wazee wawili na kasha la vitabu.

Lakini ile kauli yake ya mwisho sikuweza kuiacha ilivyo. Alirudi anacheka.

Nikamwambia habari za ndizi. Nilimwambia yote, kama ulivyoniambia: ukungu, "Simama" ya kwanza, "Simama" ya pili, mkungu. Nikamwambia ulisema mtu yule alivaa sweta ya kijani iliyofumwa na mtu aliyempenda. Apolonia, aliyekuwa akichagua maharage, aliacha. Miaka yote amekusuta kwa kuchagua chakula. Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba na hakurudi mpaka jua lilipozama.

Nisamehe, au usinisamehe. Sikutaka kukuvua heshima. Nilifikiri chungu ulichomwachia mwanao kilikuwa na povu tu, na kwamba kama kuna mtu aliyestahili kukionja chenyewe, wewe ulikionja. Nilimpa mrija.

Kesho yake wakala akapiga simu, sisi tukinywa uji. Deo akaweka sauti ya nje ili tusikie wote. Tarehe imekaribia, akasema, aje na pasi ya kusafiria na picha.

"Kaka, samahani," Deo akasema. "Watu wa huko wanasema lugha gani?"

"Kiingereza. Watakufundisha maneno ya kazi."

"Hiyo ni ya mabosi. Nauliza ya wale wanaokuja getini."

"Ya nini sasa? Wewe utakuwa na bunduki, mshikaji."

Deo aliizima simu. Aliishika mkononi muda mrefu akiitazama, kama ulivyokuwa ukitazama mrija wako chungu kilipokwisha. Kisha akamuuliza shangazi yake kama jembe la Kasense lina mpini.

Usiniambie nifurahi. Tangu siku hiyo analima, analaza nyasi na kuzifukia kwenye matuta ya mviringo kama ulivyomfundisha, lakini begi lake liko nyuma ya mlango, limefungwa. Sijamuuliza. Njaa ya stendi haikuisha kwa simulizi yangu, na mawakala ni wengi. Kila gari linalopunguza mwendo nje ya nyumba, nachungulia dirishani. Jana Apolonia alirudi kutoka sokoni. Nikaona amenunua kila kitu, ila ndizi hakununua, wala hatukuulizana.

Deo sasa anataka nimsomee tena kile cha luteni, tangu mwanzo. Jana, ukurasa wa tatu, alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akanikatiza: "Mjomba, subiri. Huyo aliyempigia saluti getini, jina lake nani?"

Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Basi hapo anadanganya," akasema, na sauti ilikuwa yako.

Lala salama, shemeji. Begi likifunguliwa, nitakuja Kasense kukuambia mwenyewe.

Ni mimi, mume wa dada yako, mtu wa ng'ambo ambaye bado hajaondoka.