Fani Ndogo

Tarehe 4 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumai mgongo umepoa na wodi yenu imepata mkunga wa pili. Mimi mzima, ila kichwa kinazunguka.

Mwezi huu tunajaza fomu: fani kuu, ndiyo digrii yenyewe, na fani ndogo ya kuisindikiza. Kuu ni Uuguzi, kama tulivyokubaliana. Ndogo ulitaka Utawala wa Hospitali. Mimi natamani Lugha ya Alama. Mwenzangu wa chumbani ni kiziwi, ananifundisha, na ananicheka eti vidole vyangu vina kigugumizi.

Nipe baraka zako. Mwisho ni tarehe thelathini.

Kitinda mimba wako

Tarehe 12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo siku hizi unauma kwa adabu. Mkunga wa pili bado ni ahadi.

Nimezalisha miaka ishirini na sita, na naamrishwa na watu ambao hawajawahi kumpokea hata mtoto mmoja. Utawala utakupa kiti. Sitaki miguu yako ivimbe kama yangu. Hayo ya vidole jifunzeni hukohuko chumbani. Asiyesikia la mkuu unamjua.

Mama yako

Tarehe 29 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimejaza leo. Fomu ya kwanza niliiharibu kwa kufutafuta, nikaomba nyingine, nikaandika Lugha ya Alama.

Sikukupuuza. Ukikasirika nigombeze, usininyamazie tu.

Kitinda mimba wako

Tarehe 20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Wiki ya tatu hii. Dada anasema u mzima na kazini unakwenda. Basi nasubiri.

Kitinda mimba wako

Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Marahaba, zote mbili. Nilikasirika, sikufichi. Barua mbili nilikuandikia nikazichana.

Jumanne alikuja mzazi, uchungu umepamba moto. Mumewe alimfikisha mlangoni, akarudi kuegesha gari. Kumbe mama wa watu ni kiziwi. Kichwa kilipotokeza, kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni, nami namwambia, "Usisukume, ngoja." Nikapaza sauti. Yeye anaona barakoa inachezacheza tu, hofu ikamzidi, akasukuma.

Nikavua barakoa, nikaweka kiganja changu kifuani pake, nikapumua polepole mbele ya uso wake mpaka akanifuata. Nikapata nafasi ya kukitoa kile kitovu shingoni.

Mtoto alitoka kimya. Tukamsugua, tukamsafisha pua, akalia. Wodi nzima ilisikia isipokuwa mama yake. Alikuwa ananikodolea macho apate kujua, na mimi sikujua namna ya kumwambia. Nikamlaza mtoto kifuani pake, machozi yakanitoka, naye akadhani amekufa. Mpaka alipomhisi anacheza.

Soma hiyo fani yako, mwanangu. Na ukijibu, nichoree mikono inavyokaa kwa neno "ngoja" na kwa "mtoto mzima". Anza na hilo la pili.

Mama yako